Kuzuia Joto la Bomba la Moshi na Kelele za Barabara kwenye Sakafu ya Noah: Tathmini ya Kazi Niliyofanyiwa Nyakato, Mwanza

Mwezi Agosti mama yangu alishuka kwenye gari langu akiwa na lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, na hakuwa na habari nalo. Ameishi na kisukari kwa miaka mingi, na nyayo zake zimepoteza hisia kiasi kwamba hawezi kutofautisha sakafu ya baridi na sakafu ya moto. Tulikuwa tumetoka Magu kwenda kliniki mjini Mwanza, safari ya kilomita 60 hivi, na kama ilivyo desturi yake alikuwa amevua viatu na kuweka miguu juu ya kapeti, nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kwa zaidi ya saa moja. Muuguzi aliyemhudumia aliuliza kama alikanyaga kaa la moto. Wakati wa kurudi nilisimamisha gari Kisesa, nikabandika kiganja mahali pale pale alipokuwa ameweka mguu, na nilikiondoa kabla sijahesabu hadi kumi.

Tangu siku hiyo hadi Februari nimefanyiwa kazi ya kuzuia joto na kelele kwenye sakafu ya gari hilo mara mbili, na mafundi wawili tofauti. Ya kwanza iliharibika ndani ya miezi miwili, ya pili imekuwa nzuri kwa sehemu kubwa. Sitawataja kwa majina. Wa kwanza sitaki kumwondolea riziki, na kwa wa pili ninachokipima hapa ni njia ya kazi na vifaa, mambo ambayo msomaji anaweza kuyadai kwa fundi yeyote aliye karibu naye. Karakana ya pili iko Nyakato, na ndiyo ninayoizungumzia zaidi.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya muundo wa zamani, ile ambayo injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele. Kwa muundo huo bomba la moshi linaanza safari yake karibu na katikati ya gari badala ya mbele kabisa kama ilivyo kwenye magari madogo, kwa hiyo masega, kama mafundi wetu wanavyokiita kile kifaa cha kusafisha moshi, pamoja na sehemu ya bomba yenye moto mkali, vinapita chini ya miguu ya watu wa mstari wa pili. Moshi unaotoka kwenye injini ya petroli inayovuta mzigo unaweza kupita nyuzi joto 700 pale unapoachana na injini, na ingawa unapoa kadiri unavyokwenda nyuma, bomba linalopita chini ya sakafu hubaki na mamia ya nyuzi. Kati ya bomba hilo na bati la sakafu kuna nafasi ya vidole vichache tu. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana gari hutoka kiwandani likiwa na bati jembamba la kukinga joto lililofungwa kati ya bomba na sakafu. Kwenye gari langu bati hilo halikuwapo. Zilibaki bolti mbili zilizokatika kwa kutu. Nimeona jambo hili kwenye magari mengi: bati likianza kulegea na kugongagonga, mwenye gari anaomba ling'olewe ili kelele iishe, na linatupwa bila mtu kufikiri lilikuwa na kazi gani.

Niseme kwanza kuhusu kazi ya kwanza, kwa sababu makosa yake ni ya kawaida sana na yanauzwa kila siku. Nilikwenda kwa fundi wa viti na makapeti nikamweleza kwamba sakafu inaunguza na kwamba gari lina kelele kiasi kwamba kwenye barabara ya Musoma mimi na mama tunalazimika kupaza sauti. Hakuangalia chini ya gari. Alitoa kapeti, akatandaza karatasi nene za lami zenye foili ya fedha juu yake, zile zinazouzwa kwa ajili ya kuziba mabati ya paa yanayovuja, kisha akaweka sponji ya godoro na kurudisha kapeti. Alitoza Sh 160,000. Kwa wiki mbili nilimsifu kwa kila aliyeniuliza. Gari lilikuwa limetulia kweli, na sakafu ilichukua muda mrefu zaidi kupata joto.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mchana wa jua kali, baada ya kuegesha gari kwa saa mbili, mlango ukifunguliwa ilitoka harufu ya barabara inayomwagwa lami. Baadaye lami yenyewe ikalainika, kwa sababu karatasi zile zimetengenezwa kwa ajili ya jua la juu ya paa na wala hazikukusudiwa kukaa sentimita chache kutoka kwenye bomba la moshi, na ikaanza kupenya kwenye maungio na kuingia kwenye kapeti. Viatu vya binti yangu vya shule vilinasa. Mvua za vuli zilipoanza, maji yaliyoletwa na viatu na yale yaliyopenya kwenye mpira wa mlango yalinywewa na sponji ya godoro, na sponji hiyo haikukauka tena mpaka ilipotolewa. Chini yake bati la sakafu lilikuwa limeanza kutu katika sehemu tatu. Pamoja na yote hayo, joto lilikuwa palepale, limecheleweshwa tu. Safari ikizidi nusu saa, sakafu ilikuwa ya moto kama zamani.

Sababu yake niliielewa baadaye Nyakato. Foili ya fedha inafanya kazi ya kurudisha joto pale tu inapotazama chanzo cha joto kupitia hewa. Ikigandishwa pande zote mbili, kama ilivyokuwa kati ya lami na sponji, haina cha kurudisha. Inakuwa karatasi ya chuma inayopitisha joto kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto kwa haraka sana. Kung'aa kwake hakumsaidii mtu aliyeweka mguu juu ya kapeti.

Fundi wa Nyakato, mtu mzima wa makamo, nilimfikia Januari kwa kuelekezwa na jirani. Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba alikataa kutaja bei. Alisema hawezi kupanga bei ya dawa kabla ya kupima ugonjwa, akaniambia niliache gari usiku mzima ili lipoe kabisa. Asubuhi alilipandisha juu ya shimo, akawasha injini, akaziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara lililolowa kwa sekunde chache tu, akaniita nishuke nisikilize. Nilisikia mlio mwembamba, kama wa sufuria ya wali inayokaribia kukauka, ukitoka kwenye maungio ya bomba mbele ya sailensa. Akapaka maji ya sabuni hapo na mapovu yakajaa. Gasketi, ile pete inayoziba maungio, ilikuwa imekwisha, na pembeni yake kulikuwa na ufa wenye urefu wa nusu kidole.

Hapa ndipo napenda kila mwenye gari asome polepole. Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi. Sakafu ya gari la zamani ina matundu mengi: ya kebo ya gia, ya nyaya, ya vizibo vya mpira vilivyokauka na kudondoka, na ya kutu. Fundi alinionyesha kizibo kimoja kilichokuwa kimepotea karibu kabisa na ule ufa. Mama alikuwa akilalamika kichwa kila tukitoka safari, na mimi nilikuwa nikisema ni jua. Siwezi kudai kwamba kilichokuwa kikimuumiza ni moshi, lakini ni wazi kwamba fundi anayefunika sakafu kwa kapeti na foili bila kukagua bomba anamfungia mteja wake hatari ndani na kumpa risiti.

Aligundua jambo la tatu ambalo lilihusu kelele. Mipira miwili inayoning'iniza bomba la moshi ilikuwa imekatika, bomba likawa limelala juu ya mhimili wa bodi. Kila mtetemo wa injini ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye sakafu, na sakafu ikawa ngoma. Ule mvumo mzito uliokuwa ukitusumbua tukisimama kwenye foleni ya Mabatini, ambao mimi niliuhesabu kuwa ni sauti ya injini, ulikuwa ni huo. Mipira mipya miwili iliuondoa karibu wote. Vifaa vya kuzuia sauti vilikuwa bado havijafika hata mlangoni.

Baada ya kuchomelea ufa na kuweka gasketi mpya, alitengeneza bati la kukinga joto. Alitumia alumini ya unene wa milimita 1, akaikata urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 35, akaikunja kidogo kwenye ukingo ili isitetemeke. Hakutoboa sakafu, alifukua zile bolti za kiwandani, akazitoa, akasafisha njia zake na kutia mpya. Kati ya bati na sakafu aliweka vipande vifupi vya bomba la chuma vya milimita 15 kama nguzo ndogo, na akaacha ncha ya mbele na ya nyuma wazi ili upepo wa gari linapotembea upite kati yake. Nilimwuliza kwa nini asilibane bati moja kwa moja kwenye sakafu ili liwe imara zaidi. Alinijibu, “Kijana wangu, ukivaa sufuria kichwani bila kata, utaungua tu. Hewa ndiyo kata.” Sikuwahi kusikia mtu akieleza jambo hilo vizuri zaidi ya hapo. Upande wa kung'aa unatazama bomba, na alumini safi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto la mionzi, wakati bati la sakafu lenye kutu na rangi iliyofubaa hulimeza karibu lote.

Kuna udhaifu mmoja ambao yeye mwenyewe aliutaja kabla sijauliza. Bati likipakwa tope, kung'aa kunakwisha, na kwa barabara zetu za kuingia vijijini tope halikosekani masika. Nafasi ya hewa inaendelea kufanya kazi yake hata hapo, ila faida inapungua, kwa hiyo gari likioshwa ni vizuri maji ya presha yapitishwe chini pia.

Mimi nilikuwa nimependekeza bomba livishwe ule utepe wa nyuzi za kioo unaofungwa kwenye pikipiki na magari ya mashindano, kwa kuwa nilikuwa nimeuona ukisifiwa. Alikataa. Alisema utepe huo unashika maji, na bomba la chuma cha kawaida linalopata moto, likalowa, likapata moto tena huliwa na kutu upesi bila mwenye gari kuona; tena mafuta ya injini yakidondokea humo yanaweza kuwaka. Kwa gari linalovuka madimbwi namwona ana haki.

Kazi ya ndani ilianza kwa kuondoa uchafu wa fundi wa kwanza, na hiyo peke yake ilikula siku mbili za vijana wawili wenye patasi, mafuta ya taa na matambara. Nililipia kazi hiyo kama kazi nyingine yoyote, jambo linalonifanya nihesabu zile Sh 160,000 za mwanzo kuwa hasara maradufu. Sehemu za kutu zilipigwa brashi ya waya na msasa, tundu moja likazibwa kwa kipande cha bati kilichochomelewa, yote yakapakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa yakauke hadi kesho yake. Vizibo vyote vya mpira vya nyaya vilibadilishwa.

Kisha akaja na mzigo wa karatasi za butili. Hii ni aina ya mpira mzito unaonata, mweusi, wenye unene wa milimita 2, uliofunikwa kwa alumini nyembamba upande wa juu. Kwa macho unaweza kudhani ni ile lami ya paa, na wauzaji wasio waaminifu hutegemea hilo, lakini ukiikunja kona na kuivuta, butili inarefuka na kurudi kidogo wakati lami inakatika au kubaki imelegea. Tena lami ina harufu hata ikiwa mpya, butili nzuri haina au inayo kidogo sana. Kazi ya butili si kuzuia joto. Inazuia bati lisitetemeke. Bati linapotikisika, mpira ule unavutwa kati ya chuma cha chini na alumini ya juu, na nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto dogo ndani ya mpira badala ya kutoka kama sauti.

Nilidhani atafunika sakafu nzima. Badala yake alipita akigonga kwa kifundo cha kidole, shibiri kwa shibiri, sikio likiwa karibu na bati. Palipolia kama debe tupu aliweka alama ya chaki. Palipolia kama mlango wa mbao alipaacha. Akabandika vipande kwenye alama tu, na kwenye maeneo makubwa yaliyo bapa alianza na kipande kimoja katikati, akagonga tena, na mara nyingi kipande hicho kimoja kilitosha kuua mlio wote. Kufunika kiasi cha robo ya eneo la bati huleta sehemu kubwa ya manufaa, na kila kinachoongezwa baada ya hapo kinaongeza gharama na uzito kuliko utulivu. Mita moja ya mraba ya butili ya unene ule ina kilo 3 hivi. Alikuwa na rola ndogo ya mbao, na kila kipande alikisukuma kwa nguvu mpaka vile vinundu vilivyochapwa kwenye alumini vikalala kabisa. Akanifundisha kwamba vinundu vikiwa bado vimesimama, chini kuna hewa, na penye hewa kipande hakifanyi kazi na baadaye kitabanduka. Mteja anaweza kukagua hilo kwa macho yake kabla kapeti halijarudishwa, nami nilikagua. Nilikuta sehemu mbili chini ya kiti cha nyuma zilizoachwa na kijana wake, na zilirudiwa bila maneno.

Juu ya butili sakafu yote ilitandazwa sponji ngumu ya milimita 6, ya aina ileile inayotengeneza ndala, ambayo vijishimo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake hivyo hainyonyi maji. Juu ya sponji ukaja mpira mzito wa sakafu, kisha kapeti. Kila tabaka lina kazi yake: sponji inachelewesha joto na kuutenganisha mpira na bati, na mpira mzito unaifungia njia sauti inayopita hewani, ile ya matairi yakisaga kokoto za lami, ambayo butili haiwezi kuizuia. Sponji bila kitu kizito juu yake haizuii sauti ya maana. Mpira mzito uliobandikwa moja kwa moja kwenye bati nao hutikisika pamoja nalo. Mpangilio huo wa tabaka kwa kweli ndio nilioulipia, zaidi ya vifaa vyenyewe. Jambo moja zaidi la usalama alilolizingatia: chini ya kanyagio za dereva hakuweka mpira mzito, ili kanyagio zisije zikagota.

Sasa upungufu wake. Aliniahidi siku tatu, gari likakaa sita, na siku mbili kati ya hizo hakuna aliyelishika kwa sababu sponji ilikuwa imeisha na alikuwa akisubiri mzigo kutoka Dar es Salaam; angeniambia mapema ningepanga safari ya kliniki kwa namna nyingine. Mchanganuo wa gharama niliupata baada ya kuuomba mara ya tatu. Kosa kubwa zaidi lilionekana wiki mbili baadaye. Baada ya mvua ya usiku nilikanyaga nyuma ya kiti cha dereva nikasikia kapeti linachuruza. Nilipofunua kona nilikuta maji yamesimama juu ya bati, safi kabisa, yakiwa hayana pa kwenda, kwa kuwa vijana wake walikuwa wamebandika butili juu ya kizibo cha tundu la kutolea maji. Matundu hayo yapo kwenye sakafu za magari mengi, na mtu anayefanya kazi hii anatakiwa kuyaweka alama kabla hajafungua karatasi ya kwanza. Fundi mwenyewe aliona aibu, akaita wote waje watazame, akakata butili kuzunguka vizibo vyote vinne, akakausha sakafu juani na kurudisha kila kitu bila kunitoza. Nililiridhia hilo, ila kama ningekuwa mtu wa kutofunua kapeti, kutu ingekuwa imeanza upya chini ya kazi ya laki saba.

Kuhusu vipimo, tulipima kwa kifaa cha kulenga joto kabla na baada. Kifaa hicho hudanganywa na vitu vinavyong'aa, kinasoma chini kuliko ukweli, kwa hiyo kila mahali penye foili alibandika kwanza kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme akalenga hapo. Siku ya kupeleka gari, nikiwa nimetoka Magu mchana bila kupumzika, kapeti mahali pa miguu ya mama lilisoma nyuzi joto 56, na bati tupu chini yake, lilipofunuliwa, nyuzi 84. Baada ya bati la kukinga joto kufungwa, sakafu ikiwa bado haijawekwa kitu ndani, safari ileile ilitoa nyuzi 49 kwenye bati. Kazi ilipokamilika kapeti lilisoma 36. Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto iliondolewa na kipande cha alumini kilicho nje, na tabaka za ndani zilimalizia. Mwezi Februari nilisimama tena Kisesa na kubandika kiganja palepale. Nilihesabu hadi sitini, nikakichoka mwenyewe.

Joto baya zaidi huja gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kwa sababu hakuna upepo wa kulibeba. Waliokuwa wakisubiri kivuko cha Kigongo kwa saa nzima miaka ile wanajua sakafu ilivyokuwa ikipanda moto, na ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni hiyo, foleni za mjini zipo. Nilijaribu kwa makusudi kuacha injini ikiwaka dakika 20 gari limesimama juani. Kapeti lilifika nyuzi 41. Kwa mtu mwenye nyayo zenye hisia si kitu. Kwa mama bado namwekea mkeka mdogo chini ya miguu tukikwama mahali, na daktari ameshasema asivue viatu garini kabisa.

Kelele niliipima kwa programu ya simu, simu ileile, ikiwa imewekwa mahali palepale kati ya viti, mwendo wa kilomita 80 kwa saa kati ya Nyanguge na Kisesa, madirisha yakiwa yamefungwa. Simu haiaminiki kwa namba yenyewe, lakini inafaa kulinganisha. Kabla ilisoma desibeli 74, baada ikasoma 69. Msomaji asidanganywe na mafundi wanaoahidi gari liwe kimya kama msikiti usiku: sikio la mtu huhisi sauti imepungua nusu pale inaposhuka desibeli 10 hivi, na mimi nimepata nusu ya hizo. Kinachosikika garini ni kwamba ule uzito uliokuwa ukibana kifua umeondoka, na mama aliyekaa nyuma ananisikia nikizungumza kwa sauti ya kawaida. Mlio wa matairi unaopitia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma upo palepale, kwa sababu hayakuguswa, na mvua juu ya paa inapiga kama zamani. Matairi yangu mawili yameliwa upande mmoja na yanalia. Hilo haliponywi na butili.

Gharama yote ilikuwa Sh 710,000: vifaa vya ndani 420,000, kuchomelea bomba, gasketi, mipira ya kuning'inizia na bati la alumini 110,000, ufundi, pamoja na siku mbili za kukwangua lami, 180,000. Si fedha kidogo. Mwenye uwezo mdogo namshauri bila kusita aanze na zile 110,000 za chini ya gari, kwa kuwa ndizo zilizonipunguzia joto zaidi, ndizo zilizoziba moshi, na ndizo zilizoondoa mvumo. Butili na sponji vinaweza kusubiri. Kinachopaswa kukataliwa ni mpango wa kuanza juu kwenda chini, kwa sababu gundi na sponji zikiwekwa juu ya sakafu inayochemka zitaharibika, na zikiharibika utalipa kuzitoa.

Kabla ya kukabidhi gari mahali popote, dai mambo haya yafanyike mbele yako: bomba likaguliwe kwa tambara na maji ya sabuni, matundu ya maji yawekwe alama kwa chaki, kona ya karatasi ivutwe uone kama ni butili, na kapeti lisirudishwe mpaka umepitisha kidole juu ya vinundu. Mimi narudi Nyakato masika yakiisha kwa ajili ya matao ya magurudumu ya nyuma, na nimeshamwambia fundi kwamba safari hii chaki nitaishika mimi.